Mafuta ya mgodini: Tangi laweza kushindwa, ukuta usishindwe

Chukua tangi moja la dizeli lenye ujazo wa lita 500,000, la kulisha malori makubwa ya mgodi na jenereta zake. Tangi limezungushiwa ukuta wa zege, na sakafu iliyomo ndani ya ukuta huo ina ukubwa wa mita za mraba 600. Kwa kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, ukuta kama huo hutakiwa kumeza asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote lililomo ndani yake. Hapa ni lita 550,000, yaani mafuta yote na nafasi ya akiba ya lita 50,000 juu yake. Sasa mvua inyeshe. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Zikinyesha milimita 100 katika majuma mawili ya masika, ndani ya ukuta kutakuwa na lita 60,000 za maji. Akiba yote imekwisha, na sehemu ya nafasi ya mafuta yenyewe imeshachukuliwa, hali tangi halijavuja hata tone.

Hapo msimamizi wa depo ana njia mbili. Akiyaacha maji yatuame, ukuta wake unakuwa mdogo kuliko ulivyoandikwa kwenye kibali. Akifungua koki iliyopo chini ya ukuta ili maji yatoke, anatoboa kinga yake kwa mkono wake mwenyewe, na kinga hiyo itabaki na tundu hadi atakapokumbuka kurudi kuifunga. Tangi likipasuka katika saa hizo, mafuta yatafuata njia ya maji: koki, mtaro, kijito, ziwa.

Hesabu hii ndogo ndiyo kiini cha suala zima la kuhifadhi mafuta mengi mgodini. Mjadala wa usalama wa mafuta huelekezwa zaidi kwenye tangi: unene wa chuma chake, umri wake, rangi yake, cheti chake. Hayo yote ni ya lazima. Lakini historia ya ajali kubwa inaonyesha kwamba matangi hushindwa kwa sababu nyingi zisizofanana, ilhali mafuta hufika mtoni kwa sababu ile ile kila mara: kinga ya pili haikuwa tayari siku ilipohitajika.

Kwa nini mgodi hugeuka depo

Migodi mikubwa ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kuanzia Geita hadi Kahama na Tarime, iko mbali na bahari. Dizeli inayoshushwa bandarini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kabla ya kufika Geita. Kwa migodi ya shaba na kobalti ya Katanga njia ni ndefu zaidi, kupitia Tunduma, Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, ambako foleni ya malori si habari mpya. Mgodi hauwezi kusimama kwa sababu daraja limesombwa na maji au foleni imerefuka mpakani. Kwa hiyo huweka akiba kubwa, na akiba hiyo huugeuza mgodi kuwa depo ya mafuta hata kama biashara yake ni dhahabu.

Wanaokunywa mafuta hayo ni wengi. Lori kubwa la kubebea mawe laweza kujaziwa maelfu ya lita kwa mara moja. Kuna makatapila, mashine za kuchorongea miamba na jenereta. Mbali na dizeli kuna oili ya injini, mafuta ya haidroliki, grisi, na oili chafu inayomwagwa kwenye mapipa baada ya kila matengenezo. Oili chafu mara nyingi husahaulika kwa kuwa haina thamani machoni pa watu, ingawa ndiyo hukaa kwenye mapipa yaliyochoka, nyuma ya karakana, mahali ambapo wageni hawapelekwi.

Anayebeba hatari ya akiba hiyo ni jirani wa mgodi kabla ya mgodi wenyewe. Ziwa Victoria ni la nchi tatu, na maji yake yanasafirishwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga. Dizeli ikiingia kwenye maji huelea na kutandaa, lakini haiishii juu: sehemu yake huyeyuka, nyingine hunata kwenye matope na majani ya kandokando. Ikimwagika ardhini hupenya mchanga taratibu hadi kwenye maji ya visima. Wakazi wa Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, wanalijua hilo tangu mwaka 2015, pale bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilipovuja na kuchafua mto na visima vyao. Ule haukuwa mgodi, lakini mafuta hayaulizi yametoka wapi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mafuta yakishaingia kwenye maji ya watu hayazoleki zaidi.

> Matangi hushindwa kwa sababu nyingi zisizofanana. Mafuta hufika mtoni kwa sababu moja: kinga ya pili haikuwa tayari.

Matangi matatu, sababu tatu

Ajali iliyo karibu zaidi na mada hii ilitokea Norilsk, mji wa migodi ya nikeli kaskazini ya mbali ya Urusi, tarehe 29 Mei 2020. Tangi la dizeli ya akiba kwenye kituo cha umeme cha kampuni tanzu ya Norilsk Nickel liliporomoka baada ya msingi wake kutitia. Takriban tani 21,000 za dizeli zilitoka, ambazo ni kama lita milioni 25. Tani zipatazo 6,000 zilizama ardhini na 15,000 zikaingia kwenye maji, zikafuata mito ya Daldykan na Ambarnaya kuelekea Ziwa Pyasino. Picha za setilaiti zilionyesha mto ukiwa mwekundu. Mwanzoni kampuni ilielekeza kidole kwenye kuyeyuka kwa ardhi ya barafu kutokana na joto la dunia. Novemba mwaka huo, mamlaka ya Urusi ya usalama wa viwanda ilitaja kasoro za usanifu na ujenzi wa nguzo za msingi, pamoja na usimamizi hafifu. Wapelelezi nao walidai kwamba tangi hilo, lililojengwa mwaka 1985, lilihitaji matengenezo makubwa tangu mwaka 2018 lakini likaendelea kutumika.

Miaka 32 kabla yake, tarehe 2 Januari 1988, tangi la kampuni ya Ashland lilipasuka huko Floreffe, Pennsylvania, Marekani, wakati likijazwa kwa mara ya kwanza mahali hapo. Lilikuwa limeunganishwa upya kwa mabati ya tangi la zamani lililokuwa na umri wa miaka zaidi ya 40, na halikuwa limejaribiwa kwa kujazwa maji hadi juu. Chuma chake kilikuwa na kasoro ndogo karibu na mahali palipochomelewa, na kwenye baridi ile kikakatika kama kioo. Lita zaidi ya milioni 14 zilitoka kwa kishindo. Wimbi la dizeli liliruka ukuta wa kinga, likavuka eneo la maegesho la jirani, likaingia kwenye mtaro wa maji ya mvua usiokuwa na kifuniko na kushuka hadi Mto Monongahela. Zaidi ya lita milioni 2.8 zilifika mtoni, na watu wapatao milioni moja wanaotegemea mito ile kwa maji ya kunywa wakaathirika.

Ajali ya tatu haikuhusu chuma wala msingi. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, kwenye depo ya Buncefield nchini Uingereza, petroli ilikuwa ikiingia kwenye tangi namba 912 huku geji ya kipimo imekwama. Chumba cha uendeshaji kiliona kiwango kilekile saa baada ya saa. Swichi ya dharura, iliyotakiwa kuzuia mafuta tangi likijaa, haikufanya kazi kwa sababu kufuli dogo la kushikilia wenzo wake halikuwekwa. Tangi lilifurika, mvuke ukatanda, na saa 12 na dakika moja asubuhi ukalipuka. Watu 43 walijeruhiwa. Ilikuwa Jumapili, la sivyo msiba ungekuwa mkubwa zaidi. Kisha kuta za kinga zikavuja kwenye maungio na mahali mabomba yalipopenya, na mchanganyiko wa mafuta, maji na povu la kuzimia moto ukaingia ardhini hadi kwenye maji ya chini. Mwaka 2010 mahakama iliziadhibu kampuni tano.

Msingi, chuma, geji. Mtu anayetaka kuzuia ajali kwa kulinda tangi peke yake atalazimika kushinda katika kila moja ya maeneo hayo, kila siku, kwa miaka 30 au 40 ya uhai wa tangi. Lakini tazama yaliyotokea nje ya matangi. Norilsk, chochote kilichozunguka tangi hakikutosha kuzuia mafuta yasifike mtoni. Floreffe, ukuta ulirukwa na mtaro wa jirani ulikuwa wazi. Buncefield, ukuta ulikuwepo, lakini ulivuja kwenye maungio na mahali pa mabomba. Hapo ndipo matokeo yalipoamuliwa.

Ukuta ni mtambo, si jengo

Kosa linalojirudia ni kuuchukulia ukuta wa kinga kama jengo: ukishajengwa umekwisha, kama uzio wa shule. Ukweli ni kwamba ukuta huo ni mtambo unaotakiwa kufanya kazi mara moja tu, bila mazoezi, kwenye siku mbaya kuliko zote. Zege hupata nyufa. Lastiki za maungio hukauka kwa jua. Fundi anayepitisha bomba jipya hutoboa tundu na kuliziba kwa saruji kidogo. Udongo hujaa pembeni, na mapipa matupu huhifadhiwa ndani yake kana kwamba ni stoo, kila pipa likila sehemu ya nafasi. Baada ya miaka michache, ukuta wa asilimia 110 huenda umebaki wa asilimia 90, na hakuna karatasi inayosema hivyo.

Koki ya maji ya mvua ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na nchi mbalimbali zimeishughulikia kwa namna tofauti. Kanuni za Marekani zilizotolewa mwaka 1973 zinairuhusu kwa masharti: iwe ya kufunguliwa kwa mkono, ikae imefungwa, maji yakaguliwe kabla ya kutolewa, kazi ifanyike chini ya uangalizi na kumbukumbu zitunzwe. Kanuni za England za mwaka 2001 zilikwenda mbali zaidi. Kwa matangi yanayohusika nazo, ukuta hauruhusiwi kutobolewa kwa koki wala bomba la kutolea maji. Maji ya mvua hukusanywa kwenye kishimo kilichopo pembeni ya sakafu na kuvutwa kwa pampu kupitia juu ya ukuta.

Njia ya England ndiyo inayofaa migodi yetu zaidi, na sababu yake ni tabia ya binadamu kuliko uhandisi. Mtu akisahau pampu ya kuwashwa kwa mkono, tatizo ni maji kujaa, na maji yaliyojaa yanaonekana. Akisahau koki iliyo wazi, ukuta unaonekana mkavu na safi, na mkaguzi anayepita humpongeza. Kosa la kwanza hujitangaza. La pili hujificha hadi siku ya ajali. Penye mvua nyingi na zamu zinazobadilishana usiku na mchana, mfumo mzuri ni ule ambao uzembe wake huonekana mapema.

Kazi yenyewe ya kutoa maji si ngumu. Mvua ikikatika, mhudumu hutazama uso wa maji: ukiwa na rangi za upinde zinazotembea, kuna mafuta. Huchota sampuli kwenye chupa ya kioo, huiacha itulie na kuiangalia kwenye mwanga. Yakiwa safi, hupampu huku amesimama hapo hapo. Yakiwa na mafuta, huyapeleka kwenye chemba ya kutenganisha mafuta na maji. Akimaliza huandika saa, kina cha maji na jina lake. Palipo na koki ya zamani ambayo bado haijazibwa, ufunguo wa kufuli lake hukaa kwa mtu mmoja anayejulikana katika zamu ile.

Uangalifu huohuo unahitajika mahali pa kupakulia. Umwagikaji mwingi mdogomdogo hutokea mafuta yanapohamishwa kutoka lori kwenda tangini au tangini kwenda kwenye mashine, nje kabisa ya ukuta mkubwa. Kwa hiyo sakafu ya kupakulia nayo iwe ya zege, iwe na mteremko wa kurudisha mafuta ndani ya kishimo, na mpira usifungwe kabla ya kupima kwa fimbo nafasi iliyobaki tangini. Geji ya umeme isiwe shahidi pekee. Buncefield ilikuwa nayo. Wala udogo usidharauliwe: kiungo kinachodondosha tone moja kila sekunde humwaga lita zipatazo nne kwa siku, karibu lita 1,500 kwa mwaka.

> Koki iliyosahaulika huufanya ukuta uonekane mkavu na safi, na mkaguzi anayepita humpongeza msimamizi.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ni gharama. Wahasibu wa mgodi watasema kujaribu ukuta kwa kuujaza maji, kuziba koki za zamani na kujenga upya sakafu za kupakulia ni fedha nyingi kwa tukio ambalo huenda lisitokee kamwe. Ni kweli kwamba ajali kubwa ni chache. Lakini hesabu ya kweli hulinganisha gharama hizo na za upande wa pili. Februari 2021, mahakama ya Krasnoyarsk, Urusi, iliiamuru kampuni tanzu ile ya Norilsk Nickel kulipa rubo bilioni 146.2, karibu dola bilioni mbili za Marekani, na Machi mwaka huo fedha hizo zililipwa. Hakuna ukuta wa zege duniani unaokaribia bei hiyo. Mgodi mdogo zaidi hautalipa kiasi hicho, lakini pia hauna mfuko wa Norilsk Nickel. Adhabu ndogo kwake yaweza kuwa mwisho wa shughuli.

Hoja ya pili ni teknolojia: matangi ya kuta mbili na vitambuzi vya uvujaji vimeufanya ukuta wa nje kuwa mambo ya kale. Matangi hayo ni mazuri, na kwa akiba ndogo yanafaa sana. Hata hivyo ukuta wa pili wa chuma huzuia kuvuja kwa ukuta wa kwanza tu. Hauzuii tangi kufurika, mpira kuchomoka, wala pampu kupasuka. Vitambuzi navyo hutoa taarifa, havizuii mafuta. Kitambuzi kinachopiga kelele saa tisa usiku humhitaji mtu aliye macho, mwenye mamlaka ya kufunga, na mahali ambapo mafuta yatakaa wakati anakimbia. Mahali hapo ni ukuta.

Hoja ya tatu hutoka kwa watetezi wa mazingira wenyewe: mafuta ni jambo dogo mgodini ukilinganisha na sayanaidi na mabwawa ya tope sumu. Ni kweli kuwa mabwawa hayo yaweza kuleta maafa makubwa zaidi, na mwaka 2009 wakazi wa Nyamongo, Tarime, walishuhudia maji yenye tindikali kutoka mgodini yakiingia Mto Tigithe. Lakini bwawa la tope tayari lina wahandisi wake, vipimo vyake na macho ya dunia nzima. Mafuta huzoeleka. Kila mtu amewahi kujaza dizeli, kwa hiyo hakuna anayeiogopa. Hatari iliyozoeleka huhitaji nidhamu zaidi, kwa kuwa woga hauwezi kutegemewa kuilinda.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito: sheria zipo, tuziache zifanye kazi. Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayobeba msingi wa mchafuzi kulipa, na Kanuni za Madini za mwaka 2010 kuhusu usalama, afya na mazingira. Baraza la mazingira NEMC, wakala wa usalama kazini OSHA, mdhibiti wa nishati na maji EWURA na Tume ya Madini kila moja ina mlango wa kuingilia mgodini. Tatizo ni kwamba ukaguzi hufanyika siku ya ukaguzi. Ukuta hufagiliwa, maji hutolewa, koki hufungwa, mapipa huondolewa. Mkaguzi huona ukuta ulivyo siku ile, na usalama wa mto hutegemea ulivyo katika siku nyingine zote za mwaka. Tena taasisi nne zenye milango minne zaweza kuishia kila moja ikidhani nyingine imetazama.

Nani ajue, na ajue lini

Norilsk ilifundisha jambo jingine lisilohusu zege. Viongozi wa juu walisema hadharani kwamba ukubwa wa ajali waliufahamu kupitia mitandao ya kijamii, siku mbili baada ya tangi kuporomoka, na Rais Vladimir Putin akawakaripia wahusika katika kikao kilichorushwa kwenye televisheni. Katika kumwagika kwa mafuta, saa za kwanza ndizo za maana: kizuizi kinachoelea kikitandazwa mapema kwenye kijito chembamba hufanya kazi ambayo hakiwezi kuifanya kwenye ziwa. Mwanakijiji anayechota maji upande wa chini wa mgodi anastahili kupata taarifa kwa dakika, wala si kwa siku. Hawezi kuipata kama hajulikani, hana namba ya kupiga, na hajawahi kuingia ndani ya uzio kuona kinacholinda maji yake.

Kwa hiyo mambo matatu yafanyike, na hakuna linalohitaji sheria mpya ya Bunge. Kwanza, kila ukuta wa kinga wa mgodi ujazwe maji na kupimwa kabla ya kibali cha kuhifadhi mafuta kutolewa au kuhuishwa, na baada ya kila fundi kuutoboa. Pili, koki za kutolea maji ya mvua zizibwe na nafasi yake ichukuliwe na pampu; ambapo haiwezekani mara moja, zifungwe kwa kufuli na jina la mwenye ufunguo liandikwe katika kila zamu. Tatu, daftari la maji ya mvua, lenye tarehe, kina na sahihi, lipelekwe kwa mamlaka moja iliyokubaliwa na nakala yake ibandikwe ofisi ya kijiji kila mwezi, pamoja na namba ya simu ya dharura.

Daftari halidanganywi kirahisi. Mvua inajulikana: kila mwanakijiji anaijua siku iliyonyesha. Ukurasa usio na maandishi katikati ya masika utamwambia mkaguzi, na mwenyekiti wa kijiji pia, zaidi ya ripoti nene ya mwaka. Migodi inayosema inalinda mazingira ianze kulitoa kwa hiari. Isiyotaka, NEMC na EWURA wailazimishe kabla ya kuhuisha kibali kijacho, na halmashauri za vijiji ziliombe kwa barua, kwa kuwa maji yanayolindwa na ukuta huo ni ya wanakijiji.